Tukung'ute vitanda vyetu, tuwanusuru watoto na pumu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, tunavyoviona na tusivyoviona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunawaelekea hasa wenzetu wa milimani, wakazi wa Malindi, Lukozi, Magamba na sehemu nyingine za Lushoto, ingawa tutakayoyasema yanamhusu kila mwenye nyumba. Huko Usambara, kipupwe cha Juni hadi Agosti huja na ukungu na manyunyu. Madirisha hufungwa, blanketi huongezwa juu ya blanketi, na watoto hulala wawili au watatu kitanda kimoja ili wapate joto. Ndipo usiku wa manane husikika kifua cha mtoto kikitoa mluzi. Asubuhi huamka akipiga chafya mfululizo, macho yakimwasha na pua ikichuruzika. Wazazi wengi husema ni baridi. Wengine husema mtoto amepatwa na kijicho au ameguswa na jini, na hirizi hutafutwa kabla ya zahanati.

Baridi ina sehemu yake. Lakini kipo kisababishi kingine ambacho wengi wetu hatukijui, nacho kimo ndani ya kitanda chenyewe. Huyo ni utitiri wa vumbi la nyumbani, mdudu ambaye urefu wake haufiki nusu ya milimita, na ambaye jicho tupu haliwezi kumtambua. Si kunguni wala kiroboto. Haumi wala hanyonyi damu. Chakula chake ni chembe za ngozi zinazotupukutika sisi wenyewe, na kwa kuwa hanywi maji, hufyonza unyevu uliomo hewani. Kinachodhuru ni kinyesi chake, ambacho huchanganyika na vumbi na kuvutwa na mlalaji. Mwenye mzio, yaani yule ambaye mwili wake haupatani na kitu hicho, huvimba njia za hewa, na akiwa na pumu hubanwa kifua. Jambo hili lilibainishwa na watafiti wa Leiden, Uholanzi, katika miaka ya 1960.

Huenda mtu akadhani kwamba hewa ya mlimani ni kinga. Ni kweli kwamba katika milima ya Alps, huko Davos nchini Uswisi, utitiri huu ni haba, na wagonjwa wa pumu walipelekwa huko wapate nafuu. Lakini siri ya Davos ni ukavu wa hewa yake. Usambara ni milima ya ukungu, na penye unyevu mdudu huyu hustawi. Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa nyanda za juu za Papua New Guinea. Huko pumu ilikuwa adimu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa katika vijiji vya Wafore ilikuwa imewafikia takriban watu wazima 7 katika kila 100. Mablanketi waliyoanza kuyatumia yalipopimwa, yalikutwa na utitiri kwa wingi. Hapana anayewakataza watu wa baridi kujifunika. Tunalolisema ni kwamba blanketi lisilofuliwa wala kuanikwa huwa makazi ya kiumbe kingine.

Ndugu msomaji, tazama hekima ya Sunna. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba mmoja wetu anapokwenda kulala, akikung'ute kitanda chake kwa upindo wa nguo yake, kwa kuwa hajui ni kitu gani kilichoingia humo baada yake. Hatusemi kwamba hadithi hiyo ilikusudia mdudu huyu peke yake. Lakini Muislamu aliyefundishwa kuwa kitandani mwake mnaweza kuwamo asichokijua, hana udhuru wa kupuuza akishajulishwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, shuka, foronya na mablanketi yafuliwe mara kwa mara, shuka kila wiki ikiwezekana. Maji yenye moto wa nyuzi 60 humuua mdudu huyu. Ndoo mbili za maji yaliyochemka zikichanganywa na ndoo moja ya maji baridi hukaribia kiasi hicho. Bali korogeni kwa mti, na watoto wakae mbali. Maji ya baridi hayamuui, lakini huondoa sehemu kubwa ya uchafu wake. Pili, jua likitoka, hasa Januari na Februari, magodoro na mito vitolewe nje, vianikwe saa nyingi pande zote mbili na kupigwa vumbi huko huko nje. Tatu, madirisha yafunguliwe mchana, na nguo mbichi zisianikwe chumba cha kulala. Nne, sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa kavu, na mtoto mwenye pumu asipewe kazi ya kufagia wala kukung'uta. Kazi hii tusimwachie mama peke yake. Kubeba godoro ni kazi ya baba na vijana.

Kamati za misikiti nazo zina jukumu. Zulia nene lililotandikwa juu ya sakafu yenye unyevu, likakaa miaka bila kutolewa juani, ndilo tunaloweka juu yake paji la uso na pua mara tano kwa siku. Mkeka unaoweza kufutwa na kuanikwa, ingawa hauna fahari, unamfaa zaidi mwenye kusujudu akiwa na kifua kibovu.

Hata hivyo, tusidanganyane. Tafiti zimeonyesha kwamba hatua moja pekee, kama kununua kifuniko cha godoro, mara nyingi haitoshi kuleta nafuu, na usafi wote huu haushiki nafasi ya dawa. Moshi wa kuni nao huchochea pumu. Mtoto anayebanwa kifua apelekwe kituo cha afya, na akiandikiwa dawa ya kuvuta aitumie kama alivyoelekezwa. Akishindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje kupambazuke. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na dua haikatazi dawa.

Watoto ni amana, nasi tutaulizwa juu yao. Leo baada ya Swala ya Ijumaa, jua likiwaka, tuanze na godoro la mtoto.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azijaalie nyumba zetu twahara. Amin.