Vijana wa Kasongo na Kabambare, nani anawachagua?

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo, Kabambare na Salamabila, na ninyi ndugu mliokimbia vijiji vyenu na mnaishi kwa familia zilizowapokea: kila wakati wa uhamisho wa wachezaji, ubishi ni uleule. Pale watu wanapochaji simu, mashabiki wa Maniema Union wanarudia majina ya zamani. Huyu tulimchukua bure. Yule tulimwacha aende mapema. Na karibu kila mara ubishi unafika kwa Maxi Mpia Nzengeli.

Ni haki kumtaja. Mwaka 2023 alitoka Maniema Union akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na tarehe 5 Novemba mwaka uleule akaifunga Simba mabao mawili, siku Yanga iliposhinda 5-1. Ndipo wengi wakalia: tulikuwa na dhahabu mkononi, tukaiachia!

Mimi nakataa. Kumwacha Maxi hakukuwa kosa. Kijana akiitwa na timu yenye pesa kuliko yako, utamfunga kamba? Na bila yeye, Maniema Union ilimaliza ya pili nyuma ya TP Mazembe msimu wa 2023-2024, ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Novemba 2024 ilikwenda Pretoria ikatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns. Kundini ilimaliza ya mwisho, ndiyo, lakini ilikuwa pamoja na Sundowns, Raja na AS FAR, na yenyewe ilizaliwa 2005 tu. Sioni aibu hapo. (Aibu ni kwamba mechi za nyumbani zilichezwa Kinshasa. Hiyo tutaizungumza siku nyingine.)

Kosa letu sisi mashabiki ni hili: tunahesabu waliochaguliwa, hatuhesabu wale ambao hakuna aliyekuja kuwatazama.

Kule Marekani, tangu 1936, ligi yao ya mpira ule wa mikono ina siku ya kugawana vijana. Timu iliyoshika mkia ndiyo inachagua ya kwanza, ili mnyonge ainuke. Huku kwetu ni kinyume. Aliye mbali na barabara, mbali na ndege, mbali na wakubwa, anafikiwa wa mwisho, au hafikiwi.

Lakini msidhani kwamba vijana wetu hawachaguliwi. Wanachaguliwa sana! Shimo la dhahabu la upande wa Namoya linawachagua, kwa sababu mtoto mwembamba anaingia pale mtu mzima hapiti. Wenye bunduki msituni wanawachagua. Mama wa Kabambare mnayajua hayo kuliko mimi. Wengine mlikimbia usiku ili kijana wa miaka 14 asihesabiwe. Hao wana macho ya kuona nani ana mbio, nani ana pumzi, nani hana woga. Ni vitu vilevile kocha anavyovitafuta.

Kwa hiyo mtu akiniambia "barabara ni mbaya, usalama hakuna, hatuwezi kufika kusini", namjibu: wale wengine walipita barabara gani? Pikipiki inayoleta mnunuzi wa dhahabu inaweza kumleta mtu mwenye filimbi. Hata kama Kabambare yote haifikiki, Kasongo inafikika, na watoto wa Kabambare wamejaa Kasongo.

Mwingine anasema mchezaji mzuri atajulikana tu. Hapana. Tazama Fiston Mayele. Kabla ya Yanga mwaka 2021, kabla ya kuchukua Ligi ya Mabingwa na Pyramids ya Misri mwaka 2025, alipitia Sanga Balende ya Mbuji-Mayi, kisha V.Club. Mji wake ulikuwa na timu kubwa ambayo watu wa Kinshasa waliitazama. Angezaliwa Salamabila, angetazamwa na nani?

Naomba basi, na ombi langu ni kwa viongozi wa mpira wa jimbo, serikali ya jimbo, na kila timu inayovaa jina la Maniema. Siku tatu za majaribio Kasongo, wakati wa kiangazi, zitangazwe redioni mwezi mmoja mbele ili aliye mbali apate muda wa kutembea. Wasichana waitwe pia. Wakimbizi wasiulizwe karatasi mlangoni: nyumba ikiungua, cheti cha kuzaliwa kinaungua nayo, na bila cheti kijana hapati leseni ya kucheza. Kwa hiyo ofisi ya etasivili ikae palepale kiwanjani na daftari lake, wazazi waeleze mtoto alizaliwa lini, ili kazi ya kumtafutia karatasi ianze siku hiyohiyo na bila malipo.

Mipira ya kuchezea tutaitafuta wenyewe.