Mpini wa Kisu na Amri ya Saba



Katika maduka ya vinyago mjini Moshi huuzwa visu vyenye mipini ya mpingo, myeusi, iliyong'arishwa vizuri. Wanunuzi si wapanda mlima peke yao. Sisi nasi twavinunua na kuwazawadia wageni wa parokia, wala hatuulizi mti ule ulitoka wapi. Nasema wazi: amri ya saba haiishii kwa mwenye shoka. Anayenunua mali yenye shaka akiwa amefumba macho kwa makusudi, naye ana sehemu yake.

Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa. Kinachotakiwa ni moyo wake mweusi tu. Sehemu nyeupe ya nje hutupwa. Tena mara nyingi mti umepinda, una nyufa, au ni mtupu ndani. Watengenezaji wa klarineti na obo huko Ulaya hutaka vipande visivyo na dosari hata moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila gogo huishia kuwa makapi.

Mtaniambia, "Padre, mpini haufiki hata shubiri moja!" Ni kweli, na ndiyo maana hatuna udhuru. Kipande kidogo namna hiyo chaweza kupatikana katika makapi ya magogo yaliyokwisha kukatwa kwa halali. Haipasi mti uanguke kwa ajili ya kisu. Lakini udogo huohuo ndio unaomficha mwizi. Gogo hugongwa nyundo ya Misitu na kusafiri na hati yake, mpini haugongwi. Hata mapatano ya kimataifa ya CITES, yaliyouweka mpingo chini ya udhibiti tangu Januari 2017, hayadai kibali kwa shehena ya bidhaa zilizokamilika ambayo mti wake hauzidi kilo 10. Hapo sheria yanyamaza, na dhamiri ya mnunuzi ndiyo inayotakiwa kusema.

Je, anayeibiwa ni nani? Ni mwanakijiji wa Kilwa, wa Lindi, wa Mtwara. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji chenye msitu wake uliohifadhiwa haki ya kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko Kilwa, Kikole kikiwa kimojawapo, ilipata hati ya FSC, ithibati ya kimataifa kwamba uvunaji wake ni wa haki na wa kiasi. Watu wale walikubali kungoja, kuhesabu miti yao na kulinda mipaka yao. Gogo linalotoroshwa usiku huwanyang'anya fedha ambazo wangezijengea kisima au darasa, nasi twalipokea likiwa limekwisha kuchongwa, twasema, "Kazi nzuri!"

Wako wasemao: basi, tutumie miti ya mlimani kwetu. Ipi? Mkulo ulipigwa marufuku kukatwa mwaka 1984, na bado uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta ukiangushwa ovyo. Tangu mwaka 2005 hifadhi ya msitu wetu imeingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Kuuhurumia mti wa Kilwa kwa kuiba wa Kilimanjaro si toba.

Tuangalie vihambani. Wakulima wengi wang'oa mikahawa mikongwe ili kupanda aina mpya zilizotoka Lyamungo, kisha mashina huishia mekoni. Mti wa mkahawa ni mgumu na umeshikamana. Ukikaushwa haraka juani hupasuka. Ukiachwa kivulini kwa subira hutoa mpini imara, laini mkononi. Mpera nao ni hodari. Wenye majembe wanajua. Rangi haitakuwa nyeusi, basi na isiwe. (Na weusi wenyewe si hoja: mpingo halisi huzama majini. Ukiona wako unaelea, ujue umenunua rangi ya viatu.)

Wala tusijitetee kwa miche. Marehemu Sebastian Chuwa wa hapa Moshi, aliyefariki mwaka 2014, alianzisha mwaka 1996 pamoja na James Harris, mkereza mbao wa Texas, mradi wa kupanda mipingo, kazi inayostahili heshima yetu yote. Lakini mche uliopandwa mwaka ule bado ni kijana. Wajukuu wetu ndio watakaouvuna.

Kwa hiyo naziomba Halmashauri za Walei na viongozi wa Jumuiya Ndogondogo: kabla ya kununua zawadi yoyote ya mpingo, mwulizeni mwuzaji gogo lilivunwa kijiji gani, hati ya kusafirishia iko wapi, na fundi alilipwa kiasi gani. Akishindwa kujibu, rudisheni fedha mfukoni. Wahunzi wa Mamba bado wanafua chuma, na mashina ya mikahawa yamejaa nyuma ya nyumba zenu.