Ukisachiwa vibaya, ushahidi utupwe
Wasee wa Masimba, tunajua vile mtu wa boda husimamishwa na kupekuliwa mifuko bila kuambiwa kosa. Kuruma naye, wakati wa hali ya hatari, alisachiwa na polisi wa cheo kisichoruhusiwa na sheria. Wakasema ana risasi mbili na kisu. Kisu chenyewe hakikuletwa kortini! Akahukumiwa kifo, na mwaka 1954 rufaa yake ya mwisho ikaangushwa London: ushahidi ukihusu kesi, unakubalika.

Leo kifungu 50(4) cha Katiba kinataka ushahidi kama huo utupwe, lakini tu ukiharibu haki kwenye kesi au ukidhuru utoaji wa haki kwa njia nyingine. Hiyo "lakini tu" inanikera, inaachia karao nafasi. Mwambie wakili apinge mapema, hakimu aandike, juu majaji wa rufaa husoma rekodi.