Kuvua, Kuvuka na Kuandika: Kitenzi-jina Kisisingiziwe

Liwatoni, ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa upande wa Kilindini, ni mahali pa kuvua na kuvuka. Wavuvi hushusha samaki wao hapo, na ni hapo ambapo daraja la kuelea lilifunguliwa Januari 2021 ili waendao kwa miguu wapate njia ya kufika ng'ambo ya Likoni. Mwenyeji wa mtaa huo husema, "Kuvua kunataka subira." Akimwona jirani yake kazini, husema, "Nilimwona akivua." Hata kama hakusoma sarufi, hayachanganyi maumbo hayo mawili. Ajabu ni kwamba mwanawe akikosea Kiingereza darasani, lawama hutupiwa Kiswahili. Makala haya yanapinga lawama hiyo.

Kiambishi -ing cha Kiingereza hubeba mizigo miwili. Neno "fishing" laweza kuwa nomino, yaani kuvua, na laweza kueleza tendo linaloendelea, yaani akivua. Kiswahili kimeigawa mizigo hiyo: ku- kwa jina la tendo, -ki- kwa tendo lililo njiani. Mwanafunzi anayeshindwa kutambua kitenzi-jina cha Kiingereza anahitaji kuulizwa swali moja tu: Je, kwa Kiswahili ungesema kuvua au akivua? Jibu analo tayari kinywani.

Faida haiishii hapo. Walimu wa Kiingereza hung'ang'ana kuwafunza wanafunzi waandike "his coming" badala ya "him coming". Mswahili husema "kuja kwake kulitufurahisha". Hakuna asemaye "kuja yeye kulitufurahisha". Kanuni inayohesabiwa kuwa ngumu katika lugha ya kigeni ni mazoea ya kila siku katika lugha yake.

Ni kweli kwamba msaada huu una mpaka. Umbo la ku- hutumika pia pale Kiingereza kinapodai "to" mbele ya kitenzi. Ndiyo maana "anafurahia kuogelea" huzaa kosa la "enjoys to swim". Hapo Kiswahili hakitoi kigezo, na hapana budi mwanafunzi ajifunze tabia ya kila kitenzi cha Kiingereza. Hata hivyo, mwalimu anayezijua lugha zote mbili huweza kumwonyesha mapema mahali zinapoachana.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kitenzi-jina kinadhulumiwa hata nyumbani kwake. Katika insha za wanafunzi wa Kiswahili wenyewe husomwa sentensi kama hii: "Kuchelewa kwa kivuko imewaudhi abiria." Kuchelewa ni nomino ya ngeli ya KU, ambayo wafuasi wa mpangilio wa Meinhof huiita ngeli ya 15, na upatanisho wake ni "kumewaudhi". Wengine, wakidhani ku- haina hadhi ya kitaaluma, hukimbilia "uvukaji" na "uchelewaji" kila mahali. Nomino hizo zina nafasi yake, lakini hazina wepesi wa kitenzi-jina. Tazama: "Kutowavusha abiria mapema kuliwachelewesha kazini." Neno moja, kutowavusha, limebeba ukanushi na yambwa kama kitenzi, kisha likatawala upatanisho kama nomino.

Basi idara za Kiswahili ziwafunze walimu watarajiwa ngeli ya KU kwa kina, pamoja na maana na matumizi yake, badala ya kuipitia juu juu mwishoni mwa orodha ya ngeli. Nao walimu wa Kiingereza waache kukitazama Kiswahili kama kizuizi. Mtoto wa Liwatoni huingia darasani akiwa na sarufi kamili. Kumfunza kuanzia pale alipo ni kumheshimu. Kumwambia aiache mlangoni ni kumpokonya chombo kabla ya safari.