Murang'a haiandikwi "Muranga", kompaila ilie isilie

Wasee wa Rust wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, leo niko na nyinyi. Acheni kukata ritifaa! Nimeona fomu mbili tatu za vijana wetu zenye orodha ya miji: Nyeri, Othaya, Kerugoya, "Muranga". Nikiuliza, najibiwa ati maktaba inakataa ile alama, si unaitoa tu buda, watu wataelewa.

Maktaba haijakataa kitu. Makro ya view! ya Leptos hukuruhusu kuandika tagi za HTML katikati ya msimbo wa Rust, na kazi ya kuzisoma hufanywa na rstml, maktaba iliyotokana na syn-rsx. Inajenga mti wa elementi, na ukisahau kufunga <li> unaambiwa kabla programu haijafika kwa simu ya mtu. Hapo iko sawa kabisa. Lakini rstml haianzi na herufi zako. Rust huzikatakata kwanza kuwa tokeni, ndipo makro inakabidhiwa. Na kwa Rust, ritifaa hufunga herufi moja, kama 'x', ama huanzisha jina la muda ambao rejeleo linaishi, kama 'a.

Sasa soma Murang'a tena. Umeona? Toleo la 2018 linaona neno Murang, halafu 'a kando. Toleo la 2021 linagoma papo hapo: kiambishi Murang hakijulikani. Maktaba hata haijaamka. Aliyezoea React ndiye hushangaa zaidi, kwa sababu JSX hupitisha Murang'a kama maandishi ya kawaida.

Dawa ni alama za usemi: <li>"Murang'a"</li>. Basi! Na wewe umeona heri ubadilishe jina la kaunti nzima?

Mtu ataniambia hata don't ya Kiingereza ingegonga ukuta huo huo. Kweli. Lakini mwenye don't anaweza kuandika do not. Wang'ombe ataandika nini? Ukimtolea ritifaa, mgeni atamsoma kwa ng ya ngoma. (Ajabu ni kwamba ĩ na ũ za Kikuyu Rust inazikubali hata kwenye majina ya vigeu, tangu 1.53 mwaka wa 2021. Ni hii ritifaa tu imebaki yatima.)

Na si mambo ya sarufi pekee. Hifadhidata iko na Murang'a, orodha yako inatuma Muranga, kompyuta inaona ni sehemu mbili tofauti. Msichana wa Kang'ema anatafuta basari, anaambiwa hakuna rekodi. Anadhani amenyimwa. Hatawahi kujua kuna mtu mahali alikuwa mvivu wa kubonyeza kitufe mara mbili.

Wanaosifu ati ndani ya makro unaandika "kama HTML tu" nao waongeze Murang'a kwenye mifano yao, mtu ajue mapema. Nanyi fungueni faili zenu leo usiku, mtafute Muranga, Kangema na Wangombe.