ALIYEACHISHWA KAZI ASIJIFICHE



Barua tatu zimetufikia katika muda mfupi, zote zimeandikwa na makarani walioachishwa kazi, na hapana hata moja iliyotiwa jina la mwandishi. Mmoja wao ametusihi tusimwonyeshe mtu mwandiko wake, asije akajulikana. Twauliza: mtu aliyeiba huficha jina lake, na hilo twalifahamu, bali huyu aliyepunguzwa kwa kuwa fedha za ofisi zimekwisha, yeye aficha nini?

Hatuulizi hivi kwa kuwacheka. Mwandishi wa ukurasa huu naye alijificha, na kujificha kwake kulimgharimu. Niruhusuni basi niiache ile "sisi" ya mhariri kwa kitambo, niseme kwa nafsi yangu.

Niliachishwa kazi mwezi wa Januari katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja. Wakati huo tulikuwa tumepanga nyumba Mbinga mjini. Barua nilipewa saa tisa alasiri, na jioni sikumwambia mke wangu neno. Nilijisemea moyoni kwamba nitamwambia nikiisha pata kazi nyingine, ili asikie mabaya na mema kwa siku moja. Kesho yake asubuhi nikapiga pasi shati, nikatia kalamu mfukoni, nikachukua jalada tupu kwapani, nikaaga kama desturi. Nikaenda nikaketi karibu na stendi ya mabasi. Watu wakapita wakiniamkia, "Hujambo, karani," nami nikiitikia kana kwamba nangoja mgeni wa serikali. Nilifanya hivyo siku baada ya siku hata mwenye duka, ambaye kijana wake alikuwa ameniona mara nyingi pale stendi, akamwuliza mke wangu kama ni kweli nimeacha kazi. Mke wangu hakugombana nami. Aliniuliza jambo moja tu: ni nani aliyekuwa akinisaidia kufikiri siku zote hizo?

Sikuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa na mtu. Na hapo ndipo hasara ilipokuwa. Ile barua ya kuachishwa ilikuwa na kasoro: hatukuitwa kushauriana kabla ya kupunguzwa, kama sheria inavyotaka. Siku ya 41 ndipo nilipompelekea mjuzi mmoja wa sheria. Akaisoma mara mbili, akatazama tarehe, akaniuliza kwa upole nilikuwa wapi mwezi mzima. Maana karani aliyeajiriwa na kampuni, au chama cha ushirika, au shirika, akiona ameachishwa pasipo haki, yampasa kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Ukipita, sharti aombe ruhusa ya kuchelewa na aonyeshe sababu yenye nguvu. Mimi sababu yangu ilikuwa aibu, na aibu haiandikwi katika fomu.

Kwa hiyo yafaa kila mwanachama ayajue haya kabla hayajamfika. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, aliyetumika mwaka mzima au zaidi kisha akaachishwa pasipo kosa hulipwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliotimiza, hata kufikia miaka 10, tena hupewa cheti cha utumishi wake. Mtumishi wa umma ana njia nyingine: yeye hukata rufaa kwa ngazi zilizowekwa na sheria ya utumishi, hata kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na muda wake ni siku 45. Tena tangu sheria za mwaka 2018, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyechangia miezi isiyopungua 18, naye hakuacha kazi kwa hiari yake, aweza kuomba fao la kukosa ajira, nalo ni theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Theluthi si mshahara, lakini ni kodi ya nyumba na unga. Twawajua watu waliokuwa na haki ya fedha hizo wasiziombe, kwa kuwa dirishani wangeonekana na mtu anayewafahamu.

Wala tusidhani ya kwamba karani kuachishwa kazi ni jambo la zama zetu tu. Makarani Waafrika wa serikali walipoanzisha chama chao Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa watu wa heshima na mshahara wa hakika. Miaka minane haikupita sana, bei ya mkonge na mazao mengine ikaanguka duniani kote, serikali ya Tanganyika ikapungukiwa, na mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith akatumwa kutoka Uingereza kukagua hesabu za nchi na kutafuta pa kupunguza matumizi. Katika miaka ya 1990 likaja punguzo lingine, kubwa kuliko lile, likawatoa kazini watumishi wa serikali kama 50,000. Wengi wetu tulikuwa watoto wakati huo, nasi twakumbuka baba zetu au baba za jirani waliorudi nyumbani na sanduku la bati na redio. Katika watu wote hao, wangapi walikuwa wavivu? Hesabu ilikuwa imekatwa mbali sana na meza zao.

Mwisho wa Februari tulirudi nyumbani Mbuji. Nilifika kwa baba mdogo jioni, nikamwamkia, akaitikia, akatazama mizigo yetu, wala hakuuliza kitu. Asubuhi akanipa mundu. Ulikuwa wakati wa kufyeka majani ya ngolo.

Wenzetu wasiokaa milimani kwetu huenda hawajaona kazi hii. Shamba lililopumzika hufyekwa, majani yakaachwa yakauke siku kadha, kisha wanaume huyapanga mistari, mingine ya kushuka mlima na mingine ya kuukata, hata upande wote wa mlima ukafanana na karatasi ya hesabu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani, pakabaki shimo, na juu ya kingo hupandwa maharage. Mvua ikija, maji hutulia mashimoni yasiuchukue udongo bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Ni kazi ya akili, na ya mgongo zaidi. Na mtu asemaye kwamba karani huchoka kwa kuandika, na aje aone wanawake wa Umatengo mwezi wa Machi.

Siku ya kwanza baba mdogo alisimama juu ya mlima akaitazama kazi yangu, akasema, "Mwanangu, nasikia mistari yako ya daftari imenyooka. Hii ya majani wameipinda kina nani?" Watu wote wakacheka, nami nikacheka, na nakiri ya kwamba sikuwa nimecheka tangu Januari.

Usiku ule niliwaeleza yote, hata habari ya stendi. Wazee wetu walikuwa na sengu: wanaume wa ukoo mmoja walikula pamoja, na hapo penye chakula ndipo palipofanywa mashauri na kukatwa maneno. Katika sengu mtu hakuweza kuwa na shida ya siri, kwa maana asipofika kula, ataulizwa, na akifika asile, ataulizwa vile vile. Siku hizi kila mtu ala kwake, amefunga mlango. Baba mdogo hakuitisha baraza lo lote. Aliwaita ndugu watatu tu wakaja kula ugali na maharage. Lakini baada ya siku mbili kijiji kizima kilikuwa kikijua kwamba mimi sina kazi, na kwamba najua kuandika hesabu.

Hilo ndilo lililonipatia riziki. Mwezi wa Juni, kahawa ilipoanza kuiva, chama cha msingi kimoja kikakosa mtu wa kuandika stakabadhi penye mizani, na mjumbe akaja moja kwa moja shambani kwetu. Kazi ilikuwa ya msimu na ujira mdogo. Lakini kama nisingalisema, wangalijuaje? Kazi ya kudumu niliipata mwezi wa Oktoba, na aliyenipa khabari zake ni mkulima mmoja niliyempimia kahawa.

Tusidanganyane: jembe halikunilipia deni. Maharage yaliyopandwa Machi hayaliwi Aprili, na si kila mwanachama ana shamba la kurudia. Tena wako wasemao kwamba karani akishika jembe aishusha kazi ya kalamu. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kalamu darasani, na jioni tukapelekwa bustanini. Ajabu ni kwamba somo la kwanza tumelishika na la pili tumelisahau.

Yako na makosa mengine tuliyoyaona kwa wenzetu. Mmoja alichukua malipo yake yote akashuka Mbamba Bay kununua usipa, auze milimani, naye hajauza samaki maisha yake; mvua ikanyesha siku nne, usipa usikauke, ukaoza. Biashara ile yaendeshwa na watu wengi nao hula kwayo, lakini wao walianza na ndoo moja. Mwingine, ili majirani wasione kwamba hali imebadilika, aliendelea kuchangia harusi kwa kiwango kile kile, akikopa mikopo ile watu waiitayo kausha damu. Alipopata kazi, mishahara yake ya kwanza haikufika nyumbani. Twaona ni afadhali mtu asimame mbele ya kamati ya harusi aseme, "Mwaka huu nitatoa nguvu zangu, nitabeba maji," kuliko kununua heshima ya siku moja kwa riba.

Nasi tulio kazini tuna lawama. Mwenzetu akiachishwa, twampigia simu juma la kwanza, juma la pili twangoja yeye apige, na juma la tatu tukimwona njiani twavuka upande wa pili, tukiogopa ataomba fedha. Mimi nilivukiwa hivyo. Na kabla ya hapo mimi pia nilimvukia mtu, na siku nilipoketi stendi nilimkumbuka sana.

Kwa hiyo twapeleka shauri hili katika mkutano wa wanachama ujao, lijadiliwe na kupigiwa kura. Kwanza, kila mwanachama aliye kazini atoe shilingi 1,000 kwa mwezi katika sanduku la peke yake, lisichanganywe na fedha za mazishi. Pili, wachaguliwe watu watatu wenye kuijua sheria kidogo na wenye kufunga vinywa vyao, ili mtu apewapo barua ya kuachishwa awapelekee juma lile lile waisome pamoja naye na kuzihesabu siku. Tatu, jina la asiye na kazi lisifutwe katika daftari la chama kwa sababu ya ada; aandikwe kama alivyokuwa, na aitwe mikutanoni.

Wale watatu waliotuandikia, barua zao zimewekwa salama, na hapana aliyeonyeshwa mwandiko. Lakini mmoja ametaja kwamba aliachishwa tarehe 3 ya mwezi uliopita, wala hakueleza kama alikuwa mtumishi wa umma au wa kampuni. Kama ni wa kampuni, siku zake zimebaki chache mno. Twamwomba aje leo hii, hata usiku, nasi tutamfungulia.