Haya Isiufiche Ugonjwa

Katika familia zetu, kuanzia Moshi mjini hadi Machame na Marangu, damu katika choo kikubwa huitwa bawasiri, kisha haya huifunika. Wakati mwingine ni saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana.

Baada ya upasuaji, nyama iliyotolewa hupelekwa maabara ikatazamwe kwa darubini. Miongoni mwa yanayochunguzwa ni iwapo uvimbe umeizunguka au kuipenya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ni kama njia: saratani huifuata ikatambaa mbali na ilipoanzia. Ikionekana hivyo, hofu ya ugonjwa kurudi huzidi, na daktari huweza kuongeza dawa za saratani, ijapokuwa kidonda kimepona.

Basi tusitosheke kusema, "Amepasuliwa, amepona." Mgonjwa aliyetibiwa KCMC au Ocean Road, ama jamaa yake, aulize: majibu ya nyama yamesemaje kuhusu mishipa ya fahamu?

Alama hiyo si tangazo la kifo, kwani umri u mikononi mwa Allah. Ni onyo la kutoikatiza tiba, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Wabillahi tawfiq.